Bunduki ya upepo: kasi ya kwenye boksi na nguvu ni vitu viwili

*Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Naishi Northamptonshire, Uingereza, huu mwaka wa sita. Jirani yangu mkulima ana ghala la nafaka na kuku, na panya wamemzidi. Ameniomba msaada na ameniruhusu kupiga ndani ya eneo lake. Natafuta bunduki ya upepo, ya kwanza maishani mwangu, na nimebaki na mbili. Moja mpya, ya springi, ya kukunja mtutu, kaliba 4.5 (upana wa risasi kwa milimita), boksi limeandikwa futi 1,000 kwa sekunde na darubini imo humo humo. Ya pili ni ya mtungi wa hewa, imeshatumika, kaliba 5.5; muuzaji anasema inajazwa hadi bar 200 na inatoa futi 570 tu kwa sekunde. Hiyo kuukuu ndiyo ghali, mara mbili ya ile mpya. Kwa nini nilipe mara mbili nipate karibu nusu ya kasi? Na hizo bar 200 si ndizo nguvu yenyewe? Mwisho, baba yangu yuko Tanga na kunguru wanammaliza vifaranga. Naweza kumpelekea moja nikienda likizo?*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimefurahi umeuliza kabla hujalipa, maana wengi hunijia baada ya kununua, wameshika bunduki ambayo haipigi pale wanapolenga na hawajui kosa ni lao au la chombo. Wewe unaogopa kulipa zaidi kwa kitu dhaifu. Hofu hiyo nitaiondoa kwa hesabu ya dakika mbili, kisha tuje kwenye mambo ambayo kweli yanazitofautisha bunduki hizi.

Anza na sheria, kwa kuwa kwa hapo ulipo sheria ndiyo imeweka dari. England na Wales, bunduki ndefu ya upepo isiyohitaji cheti cha polisi haitakiwi kuzidi futi-pauni 12 za nguvu mdomoni mwa mtutu, yaani kama jouli 16.3. Ikizidi hapo, hata kwa nukta, kisheria inageuka silaha ya kumiliki kwa cheti, na kuwa nayo bila cheti ni kosa kubwa. Kwa hiyo zote mbili unazozitazama, ikiwa zinauzwa kihalali bila cheti, zimekaa chini ya dari hilo hilo. Hakuna inayoruhusiwa kulipita, hata boksi liseme nini.

Sasa hizo futi 1,000 zinatoka wapi? Nguvu ya risasi ni uzito wake ukichanganywa na kasi yake. Chukua uzito kwa greni (kipimo kidogo cha uzito kinachoandikwa kwenye kopo la risasi), zidisha kwa kasi, zidisha tena kwa kasi ile ile, kisha gawanya kwa 450,240. Jibu ni futi-pauni. Namba za namna ile ya boksi hupatikana kwa risasi nyepesi sana za aloi, zisizo za madini ya risasi, yale meusi na laini. Tuseme ina greni 5: tano mara 1,000 mara 1,000, gawanya, unapata futi-pauni 11.1. Njoo kwa ile ya 5.5 na risasi yake ya kawaida ya greni 15.89: kwa futi 570 kwa sekunde inatoa kama 11.5. Umeona? Ile "dhaifu" imeizidi kidogo ile "kali". Na ile ya springi ukiilisha risasi ya kawaida ya kaliba 4.5, ya greni 8.44, hata ukiipa futi-pauni zile zile 11.5, kasi itashuka hadi kama futi 783. Bunduki ni ile ile na nguvu haijaongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni mzigo.

Risasi nyepesi hutoka na kishindo cha kasi lakini hewa huisimamisha haraka, kama ukirusha mpira wa pingpong na jiwe dogo kwa mkono mmoja. Mpira unachomoka, halafu unafia njiani. Na kwenye bunduki ya springi kuna madhara mengine. Risasi nyepesi inawahi kutoka kabla hewa haijajibanza vizuri mbele ya pistoni (kile chuma kinachosukumwa na springi), kwa hiyo pistoni haipati mto wa kuilalia na inagonga mwisho wa silinda kwa nguvu. Ukifanya hivyo mara nyingi, unaila bunduki yako mwenyewe.

Miaka ya nyuma mzee mmoja alikuja klabuni tunapofundishia, ana bunduki mpya ya aina hiyo na kopo la risasi za aloi lililokuja nayo. Tukaweka kadi mita 20, bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Akapiga kumi. Matundu yalitawanyika upana wa sahani ya chai, mawili yalikuwa nje ya kadi kabisa. Nikampa risasi zangu za greni 8.44, zenye kichwa cha mviringo. Kumi za pili zote ungezifunika kwa kisoda kimoja. Mzee aliishika ile kadi muda mrefu bila kusema neno. Alikuwa ameshaamua kuirudisha bunduki dukani.

Ndiyo maana nasema tangazo likikutajia kasi bila kukutajia uzito wa risasi, halijakuambia kitu. Uliza futi-pauni au jouli, na uliza zimepimwa kwa risasi ipi.

Twende kwenye bar 200. Tairi la gari dogo lina kama bar 2 na nusu, kwa hiyo naelewa kwa nini 200 inatisha. Lakini presha ya mtungi ni kama maji kwenye tangi la juu ya nyumba; kinachoamua glasi yako inajaa vipi ni bomba na mkono wako. Ukivuta triga ya bunduki ya mtungi, nyundo ndogo inagonga vali, vali inafunguka kwa kitambo kifupi mno, hewa kidogo inapita nyuma ya risasi, vali inajifunga. Nguvu inatokana na vali imefunguka muda gani na kwa presha gani, na mtengenezaji ameipanga ibaki chini ya 12. Bar 200 ni akiba: inakuambia utapiga risasi ngapi kabla ya kujaza tena.

Hapa kuna jambo wauzaji hawalisemi sana. Bunduki ya mtungi isiyo na regyuleta haitoi kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Presha ikiwa juu kabisa, inaibana vali isifunguke vizuri, kwa hiyo risasi za kwanza zinaweza kuwa polepole. Presha inaposhuka kasi inapanda, inatulia katikati, halafu inaanguka. Yenye regyuleta hushikilia presha moja kwenye chumba kidogo kabla ya vali, na kasi inakuwa tambarare kwa sehemu kubwa ya mtungi. Muulize muuzaji kama hiyo yake inayo. Isipokuwa nayo si dosari, ila ujue kipande kizuri cha mtungi kinaanzia bar ngapi na kuishia ngapi, na usiijaze zaidi ya hapo kwa tamaa.

Tofauti kubwa ya bunduki hizi mbili haimo kwenye namba yoyote uliyoniandikia. Imo begani. Kwenye ya springi, ukivuta triga pistoni nzito inakimbia mbele na bunduki inakurudia nyuma. Kabla risasi haijatoka mtutuni, pistoni inakutana na hewa iliyobanwa, inasimama, inadunda, na bunduki inasukumwa mbele. Yote hayo yanatokea wakati risasi bado iko ndani. Kwa hiyo namna ulivyoishika, bega ulivyoliweka, hata kidole gumba kimekaa wapi, vinabadilisha tundu litakapoangukia. Dawa yake ni kutoibana: mkono wa mbele uwe kiganja wazi tu kinachobeba, bega laini, na kila mara pale pale. Inafundishika, na anayeijua springi hupiga chochote. Lakini inachukua wiki nyingi, si Jumamosi moja.

Ya mtungi karibu haitikisiki. Anayeanza anaishika, analenga, inapiga pale. Hicho ndicho unachokilipia mara mbili. Kwa mtu ambaye shabaha yake ni mnyama hai, kwangu mimi jambo hilo lina uzito. Panya ni mharibifu, lakini hastahili kupigwa tumboni akajikokota kufia chini ya mbao. Ukiwa huna hakika ya kupiga kichwa, usipige.

Hiyo mitikisiko miwili ya springi inahusu na darubini yako. Darubini nyingi zimejengwa kuvumilia msukumo wa kwenda nyuma peke yake, kama wa bunduki ya baruti. Ule msukumo wa mbele huzilegeza ndani: nyuzi za msalaba zinahama, na wewe unarekebisha kila siku bila kujua unachokifukuza. Darubini za bure za kwenye boksi ndizo za kwanza kufa. Kwa hiyo kwenye bei ya ile mpya ongeza darubini iliyoandikwa wazi kuwa inafaa bunduki za springi, na vibanio imara vyenye kizuizi. Na kwenye bei ya ile ya mtungi ongeza namna ya kuijaza, ambayo nadhani muuzaji hajaitaja. Ni pampu ya mkono, kazi ya jasho, au mtungi mkubwa kama wa wapiga mbizi, ambao lazima upelekwe kupimwa kila baada ya miaka kadhaa. Kompresa ya matairi haifiki hata karibu. Na tafadhali, usikubali mtu yeyote akujazie oksijeni tupu. Hewa ya kuvuta pumzi tu, iliyokaushwa na kuchujwa. Oksijeni kwenye presha hiyo ikikutana na chembe ya mafuta inalipuka, na mtungi uko sentimita chache kutoka usoni mwako.

Kaliba. Umelitaja kama jambo la pembeni, na kwa kazi yako kweli si la kwanza, ila ulielewe. Kwa nguvu ile ile, 4.5 ni nyepesi na ya haraka, njia yake ni nyoofu zaidi. 5.5 ni nzito, polepole, na inajipinda zaidi kuelekea chini. Nimepiga hesabu ya makadirio: hadi mita 30, ya 4.5 inashuka kama sentimita 9 kutoka mstari wa mtutu, ya 5.5 kama 16 au 17. Darubini unairekebisha ifidie hilo. Taabu inakuja ukikosea umbali. Ukidhani kitu kiko mita 30 kumbe kiko 35, ya 4.5 itapiga chini kwa kama sentimita moja na nusu, ya 5.5 kama sentimita 3. Kwenye kichwa cha sungura, tofauti hiyo ndiyo kupata na kukosa, na ndiyo sababu wengi wanaopiga mbali uwanjani wanapenda 4.5.

Lakini wewe uko ghalani. Panya wako watakuwa mita 8 hadi 15, na hapo kujipinda karibu hakuna maana. Kwenye umbali huo 5.5 ina faida: tundu ni pana na risasi haina haraka ya kupenya ikatokea upande wa pili. Tatizo lako la ghalani ni lingine, ni la karibu. Darubini imekaa sentimita 4 hadi 5 juu ya mtutu. Ukiirekebisha kwa mita 30 halafu panya akatokea mita 5, utapiga kama sentimita 1 hadi 2 chini ya unapolenga, na hutaelewa kwa nini umemkosa aliye miguuni pako. Irekebishe kwa mita 12, halafu kaa na kadi upige mita 6, 8, 10 na 15, uandike kila moja imeangukia wapi. Bandika karatasi hiyo kwenye kitako cha bunduki. Hakikisha pia kioo kinaweza kuona vizuri kwenye mita 10. Darubini nyingi zimepangwa kwa mita 90 na zaidi, na karibu zinaonyesha ukungu mtupu.

Uzito nao upime kwa mikono yako. Bunduki nzuri ya springi pamoja na darubini inavuka kilo 4 bila shida. Ukikaa juu ya ndoo saa mbili usiku unasubiri panya, kilo hizo utazihesabu moja moja.

Kuna dhana moja sikuiona kwenye swali lako lakini huwa ipo, kwamba hiki ni chombo cha mchezo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2017 inahesabu kuwa chombo chenye mtutu kinachotoa zaidi ya jouli 1 kinaweza kuua. Chako kitatoa zaidi ya 15. Na upande wa pili, usidharau nguvu ndogo: bunduki za upepo za mita 10 zinazoshindaniwa Olimpiki tangu mwaka 1984 zina takriban nusu ya nguvu ya hiyo yako, na kidoti cha alama 10 wanachokilenga kina upana wa nusu milimita.

Ushauri wangu, basi. Ile ya boksi iache. Si kwamba springi ni mbaya, la. Iliyotengenezwa vizuri, kama HW97K ya Weihrauch ya Ujerumani au TX200 ya Air Arms ya Hailsham, ni chombo cha maisha na inampita mwenye mtungi asiyejua kupiga. Ila iliyojengwa ili ijisifie kwa futi 1,000 mara nyingi imekata gharama kwenye triga na mtutu, na hivyo ndivyo vinavyopiga panya. Hiyo ya mtungi ichukue endapo itafaulu mtihani, na mtihani ni huu.

Nenda kwa muuzaji mwenye leseni, uso kwa uso. Kwa mfanyabiashara sheria inataka hivyo, na lazima uwe umetimiza miaka 18. Omba ijazwe mbele yako, iachwe usiku mzima, kesho yake mtazame geji. Sindano ikishuka, kuna mpira wa vali umechoka. Kisha omba ipitishwe kwenye kipima kasi, risasi kumi mfululizo, uandike kila moja. Namba kumi zikikaa karibu karibu, tofauti ya futi 10 au 15 kati ya ndogo na kubwa, ni nzuri. Zikiruka futi 40 au 50, ondoka. Na upimaji usiwe wa risasi moja tu: bunduki za mtungi huelekea kutoa nguvu zaidi kwa risasi nzito, za springi hufanya kinyume chake. Bunduki inayosoma 11.9 kwa risasi nyepesi inaweza kuvuka 12 kwa nzito, na mwenye kesi utakuwa wewe, si aliyekuuzia. Napenda kuona 11.2 hadi 11.5, pasizidi hapo.

Ikifaulu, nunua makopo matatu au manne ya risasi za aina mbalimbali. Kila mtutu una chaguo lake, hata mitutu miwili iliyotoka kiwandani siku moja. Zimwage kidogo kiganjani kwenye mwanga, uangalie sketi, ile sehemu ya nyuma iliyo wazi kama mdomo wa kengele. Iliyobonyea hata kidogo itakwenda itakako, itenge. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula, maana hayo ni madini ya risasi, ni sumu.

Ghalani, tazama kwanza kilicho nyuma ya panya. Saruji, bati na chuma hurudisha risasi kwa mpigaji. Weka mabunda ya majani au mbao nene pale unapotaka wapite, uwatilie chambo hapo, na upige hapo tu. Vaa miwani ya kinga. Risasi isivuke mpaka wa shamba la jirani yako. Njiani ibebe kwenye mfuko wake, haina risasi ndani. Nyumbani ifungie mbali na watoto, hilo nalo ni amri ya sheria. Ndege usiwaguse, hata njiwa. Wana kanuni zao. Na ukivuka kwenda Scotland kutembea, usiende nayo: kule kila bunduki ya upepo ya namna hii inahitaji cheti tangu mwisho wa mwaka 2016.

Yapo ambayo siwezi kukufundisha kwa maandishi. Kabla hujapiga panya wa kwanza, nenda klabu ya shabaha iliyo karibu nawe. Nyingi huruhusu mgeni ajaribu bunduki zao na mtu akaketi pembeni yake. Hapo utaijaribu springi na mtungi kwa mikono yako, na huenda ukabadili mawazo yangu yote. Na mtungi ukianza kuvuja, au triga ikifyatuka yenyewe, usifungue skurubu hata moja. Mpelekee fundi wa bunduki.

Sasa mzee wa Tanga. Hapana ndugu yangu, usimpelekee, si kwenye begi wala kwenye kontena. Ule unafuu wa futi-pauni 12 ni wa England na Wales, hausafiri nawe. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na msimamizi ni Jeshi la Polisi. Kama mzee anaitaka kweli, yeye ndiye aanze polisi huko huko, aulize, kabla hata hujatazama bei. Na hata angeruhusiwa, kunguru ni mwerevu: ukimpiga mmoja, wenzake wanakujua uso na wanakaa mbali na mtutu, wewe ukiingia ndani wanarudi. Likizo ukienda, mnunulie matenga mawili makubwa na mita kumi za wavu. Vifaranga wafunikwe na mama yao mpaka waote manyoya ya mabawa, na sehemu wanapolia chakula ifunikwe juu. Kunguru huja kutoka juu.